Simu hiyo ni ya nani?

Mbarara

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Nimeupitia mpango wenu wa kuwapima sonona na kuwasaidia kwa simu wajawazito na mama waliojifungua kule Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda. Moyo mmeuweka, lakini hamjauliza simu ni ya nani.

Mara nyingi ni ya mume, au ya nyumba nzima. Swali la kujidhuru likiingia saa mbili usiku, atakayelisoma kwanza huenda si mama. Kwa hiyo siku ya kliniki, kabla ya kuandika namba, mkunga amuulize wakiwa wawili tu: simu unayo saa ngapi? Akipokea mwingine tuseme nini? Ujumbe wa kwanza uwe "Mtoto hajambo?" basi. Asipojibu kwa neno mliloagana, nyamazeni.

Bando la intaneti nalo lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Mama anayenunua la siku moja hataliunguza kwa video zenu. Mpigieni nyinyi. Sauti inamfaa pia asiyejua kusoma, na anayenyonyesha ana mkono mmoja tu.

Sasa yale maswali 10 ya Edinburgh, kipimo cha sonona kwa mama. Hapa naomba msiharakishe. Yanauliza siku 7 zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 30. La 1, la 2 na la 4 jibu lililoandikwa juu kabisa ni 0, halafu alama zinapanda. Yale saba mengine jibu lililoandikwa juu ni 3, zinashuka. Fundi wa programu akiyapanga yote upande mmoja, mama anayezama ataonekana mzima. Yajaribuni kwa karatasi na kalamu kwanza.

Swali la 10, lile la kujidhuru, lisingoje jumla. Jibu lolote zaidi ya "hapana kabisa", simu ya mwenye zamu ilie papo hapo, naye ampigie mama. Kama usiku hakuna zamu, usiku msiliulize. Kumfungua mtu kifua kisha kumwacha na kioo cha simu ni ukatili, Zuhura.

Na neno "sonona" liondoeni. Mama wa Kikongo atakuelewa ukimuuliza kama ana mawazo mengi, kama moyo ni mzito, kama usingizi unakataa hata mtoto akilala.

Nitumie maneno ya Kiswahili kabla hamjarekodi sauti, na VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) wawili wa hapo kambini wayasikilize kwanza.

Wako,
Mariamu