Mikopo ya mashine isiishie kwenye bei ya mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mikopo ya mashine kwa viwanda vidogo, hasa karakana za samani kama zetu za hapa Keko.

Sibishi kwamba mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta ina manufaa. Hutoa migongo ya viti mia moja inayolingana, kazi ambayo fundi wa patasi, hata awe hodari vipi, huifanya kwa shida, na hoteli au shule inayoagiza samani kwa wingi hutaka ulinganifu huo. Tatizo ni kwamba mkopaji hupigiwa hesabu ya bei ya mashine peke yake. Ikishafika ndipo hubainika kwamba huenda inahitaji umeme wa fezi tatu (tofauti na ule wa kawaida wa nyumbani), kwamba visu vyake huisha makali haraka kwenye mbao ngumu, na kwamba umeme ukipanda na kushuka huweza kuunguza vifaa vyake vya kielektroniki, ambavyo si kila fundi umeme wa mtaani anavimudu. Isitoshe, kasi yake huishia kwenye kuchonga tu; kupiga msasa, kuunga na kupaka vanishi bado ni kazi ya mikono, hivyo vipande hurundikana vikiwasubiri mafundi walewale. Oda zisipoongezeka, mashine hukaa bure huku rejesho likidaiwa kila mwezi, na mwenye karakana huanza kupunguza wachongaji (wengi hulipwa kwa kipande, kwa hiyo huondoka kimyakimya). Siku mashine ikiharibika, hana mashine wala fundi.

Sera ya taifa ya viwanda na biashara ndogo ya mwaka 2003 ilikihesabu kiwanda chenye wafanyakazi 5 hadi 49 kuwa kidogo. Mwenye watu sita na mwenye arobaini wamewekwa kapu moja, ilhali mzigo wa deni hawawezi kuubeba sawa. Kwa huyu wa kwanza, ningeshauri mashine za gharama kubwa ziwekwe kwenye mitaa ya viwanda ya SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo), kama ule wa Vingunguti, naye alipie kwa saa. Foleni itakuwepo, lakini itamgharimu kidogo kuliko riba.

Kwa mwenye oda za kutosha kumiliki mashine yake, mkopo ujumuishe gharama za kuvuta umeme, vipuri vya mwanzo, na mafunzo kwa mafundi wawili badala ya mmoja, maana huyo mmoja akishaiva huchukuliwa na karakana ya jirani.

Mwenye karakana ya samani,
Keko, Dar es Salaam