Shukrani kwa Mama Aliyenipa Daftari

Kwa miaka 6 nilificha kwamba mimba yangu ya kwanza iliharibika, na siri hiyo ikaninyima usingizi. Mama mmoja wa mtaani kwetu Morogoro, aliyeomba nisimtaje, hakunihoji: alinipa daftari, akanishauri niandike yanayoniumiza kwa dakika 15 kila usiku kwa siku 4, kama walivyofanya wanafunzi wa Marekani katika utafiti wa mwanasaikolojia James Pennebaker uliochapishwa mwaka 1986. Kisha, kwa idhini yangu, akainakili barua niliyoiandika humo kwa mwandiko wake ili nisitambulike, akaisoma kikundini kwetu pamoja na barua nyingine zisizo na majina. Wenzangu wawili walilia, nami nikalia nao. Ahsante sana Mama, hasa kwa kule kunakili. Viongozi wa vikundi, wekeni nanyi kopo la barua kama hizo.