Anayemuuguza mwenzi wake apunguziwe saa kwa maandishi

Mhariri,

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, baba siku 4, na anayeugua mwenyewe mshahara kamili wa mwezi wa kwanza. Likizo ya kumuuguza mume au mke haimo. Kwa hiyo anayetaka kupunguziwa saa anategemea makubaliano na mwajiri, na mengi huvunjika kwa sababu yaliombwa bila kutazama ratiba ya matibabu.

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu katika hospitali ya Kiruddu hukaa kwenye mashine kama saa 4, mara 2 au 3 kwa wiki, na akitoka presha yake huweza kushuka ghafla. Anayemuuguza huyo aombe siku nzima zinazojulikana. Tiba ya mionzi ya kansa kule hospitali ya Mulago huchukua dakika chache tu, lakini mara nyingi ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Hapo kinachofaa ni kuingia kazini mchana. Dawa za kansa za mshipani nyingi hutolewa kila baada ya siku 21. Wengi huomba ruhusa ya siku ya dawa pekee, ilhali hatari ya maambukizi huwa kubwa zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, chembe nyeupe za damu zinapopungua. Homa ya nyuzi 38 katika siku hizo haingoji mtu atoke kazini jioni. Na mgonjwa anayekunywa mofini ya maji kwa maumivu huinywa kila baada ya saa 4: mtu akiondoka kwa zamu ya urefu wa saa 8 bila kumwacha mwingine nyumbani, dozi moja angalau inarukwa na maumivu yanarudi. Mwombeni daktari aandike ratiba; mwajiri hahitaji kujua zaidi ya hapo.

Kabla ya kugusa mshahara, tumieni likizo ya mwaka. Sheria inatoa siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, yaani 21 kwa mwaka, na wakati wa kuzichukua ni wa kukubaliana. Mwajiri akiridhia siku moja kila wiki, hizo ni wiki 21 kwa mshahara kamili.

Zikiisha, pigeni hesabu ya kinachoingia mkononi. Mwenye shilingi 1,200,000 kwa mwezi, kwa viwango vya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) vinavyoanzia 235,000, hubaki na 878,000 baada ya kodi na asilimia 5 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Akifanya siku 3 badala ya 5, mshahara unakuwa 720,000 na mkononi hubaki 566,000. Umepungua 480,000 kwenye karatasi, ila pengo la nyumbani ni 312,000. Mchango wa NSSF, ukijumlisha asilimia 10 ya mwajiri, nao unashuka kutoka 180,000 hadi 108,000. Kama kuna mkopo wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) unaokatwa kwenye mshahara, waoneni kabla ya mwezi wa kwanza wa mshahara uliopungua.

Barua ya makubaliano iwe na siku na saa zenyewe, kazi zinazoondolewa (zisipotajwa, mtu hufanya kazi ya siku 5 kwa malipo ya siku 3), tarehe ya kuipitia upya, tuseme baada ya miezi 3, na haki ya kurudi kwenye saa na mshahara wa awali. Iseme pia kwamba malipo ya kuachishwa kazi yatapigwa kwa mshahara wa zamani. Bima ya afya ndiyo ya kuulizia kwanza kabisa: baadhi ya mikataba ya bima hufunika wafanyakazi wa muda wote tu, na mgonjwa mwenyewe anaweza kuipoteza siku mtakayotia sahihi.

Cheti cha kujifanya mgonjwa msikithubutu. Likizo ya ugonjwa ni ya mfanyakazi mwenyewe, na udanganyifu ukigundulika unaweza kumfukuzisha kazi wakati nyumba ina uhitaji mkubwa.

Tunaliomba Bunge liongeze kifungu kimoja tu: mfanyakazi anayemuuguza mwenzi wake aombe saa pungufu kwa maandishi, na mwajiri ajibu kwa maandishi ndani ya siku 14, akitoa sababu kama amekataa, ili afisa wa kazi wa wilaya awe na kitu cha kusikiliza.

Washauri wa masuala ya ajira,
Kampala