Tupeni muvi za kuangalia na familia

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Hivi hawa wanaotengeneza muvi wanashindwa nini kutoa na toleo la familia pale muvi inapopewa alama ya 18? Jumapili nimekaa sebuleni na wanangu na mama mkwe, muvi nzuri tu ya mapigano, ghafla ikaja sini ya chumbani, nikawa natafuta rimoti chini ya kochi mikono inatetemeka, mama mkwe kainamisha kichwa, watoto macho kodo, jamani sitaki yanikute tena.

Na kazi yenyewe mbona inafanyika. Muvi nyingine za kwenye ndege zinakuwa zimeshakatwa na matusi yamefutwa. Mwaka 2017 kampuni ya muvi ya Sony walisema wateja watapewa hayo matoleo safi pamoja na muvi yenyewe, kama muvi 24 hivi, waongozaji huko Marekani wakaja juu kwamba kazi zao zinaharibiwa, Sony wakarudi nyuma. Nawaelewa, umehangaika na kazi yako miaka halafu mtu anapita na mkasi, inauma. Basi wakate wenyewe! Muvi ya wakubwa ya Deadpool 2 ilirudi kwenye kumbi za sinema Desemba 2018 ikiwa imepunguzwa makali, ile ya wakubwa ipo vilevile, hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Na watu wetu wa bongo muvi nao walifikirie hili, maana huku kwetu TV ni moja na ukoo mzima upo hapohapo.

Mzazi, Temeke, Dar es Salaam