Pampu ya mafuta ina lakiri, geji ya upepo inakaguliwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linalomgusa kila mwenye gari la familia hapa Dar es Salaam, hasa sisi tunaobeba watoto na wazee. Ni habari ya upepo wa matairi, na ile geji tunayoiamini bila kuiuliza.

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilikuwa naenda Morogoro kwenye harusi. Tulikuwa saba garini: mimi kwenye usukani, mama mkwe kiti cha mbele, wadogo zangu wawili na wanangu watatu nyuma. Kabla ya kutoka Tabata nilisimama kwa fundi pancha wa jirani, kama nifanyavyo kila safari, nikamwomba aweke 35 kote, kwa PSI, kipimo cha geji za mtaani. Akachomeka mpira wa upepo, akatazama geji, kila tairi akalimalizia kwa teke. "Liko freshi mama, linakufikisha hata Tunduma." Nikamlipa, tukaondoka.

Tulipita Kibaha salama. Tulipokaribia kumaliza Mlandizi nikasikia mlio kama wa bunduki, nyuma ya gari kukaanza kuyumba. Marehemu baba alinifundisha kwamba tairi likipasuka usikanyage breki: shika usukani kwa mikono miwili, toa mguu kwenye mafuta, acha gari lipungue lenyewe. Nikafanya hivyo, huku mama mkwe anasoma dua kwa sauti. Tukasimama kwenye majani. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Dereva wa lori la mizigo alisimama kutusaidia. Kabla hata ya kushusha jeki alitoa geji yake, ya chuma, mpini umezungushiwa utepe mweusi, akapima matairi matatu yaliyobaki. La kwanza 24, la pili 22, la tatu 23. Akaniinamishia nione sindano mwenyewe. "Dada, tairi halipimwi kwa teke," akasema. Na hayo yalikuwa matairi ya moto, yametembea zaidi ya kilomita 50. Upepo ukipata joto namba hupanda, kwa hiyo tuliondoka nyumbani na upepo pungufu hata ya huo.

Tairi lenye upepo mdogo hulala mabega, na ubavu wake hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka. Kule kujikunja ndiko kunakozaa joto. Ongeza mzigo wa watu saba, lami ya mchana na mwendo wa barabara kuu: nyuzi na waya za ndani huanza kuachana na mpira, na likishafika hapo mara nyingi halikupi dalili unayoitambua. Linapasuka tu.

Spea nayo ikatuaibisha. Ni kile kitairi chembamba kinachokuja na magari mengi ya Japani, na kilibonyea kwa kidole gumba. Kumbe hicho hutaka 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na ukikifunga usizidi mwendo wa 80. Tangu gari lije nyumbani hatukuwahi kukitazama. Yule kaka alikijaza kwa mpira aliouchomeka kwenye mtungi wa upepo wa lori lake, akakataa hata hela ya soda.

Niliporudi nilinunua geji yangu. Nikailinganisha kwanza na za gereji mbili zinazofunga matairi, zikapishana kwa namba moja tu. Kisha asubuhi moja, matairi yakiwa ya baridi, nikajaza tairi la mbele kulia hadi 33 na kulizungusha sehemu tatu zisizofika kilomita mbili kutoka kwangu. Kwa fundi wangu wa siku zote geji ilisoma 45. Kwenye kituo cha mafuta ilisoma 30. Kwa kijana wa tatu sindano haikunyanyuka kabisa, akaniambia tairi halina upepo na tayari ameshika mpira kuniongezea.

Sina kinyongo na fundi wangu. Yeye anasoma anachokiona, na kioo cha geji yake kimepasuka, inaangushwa kwenye zege mara kumi kwa siku na kulala juani na vumbi. Ninachouliza ni hiki: pampu ya mafuta tunaikuta na lakiri na stika ya Wakala wa Vipimo, na mizani ya muuza nyama buchani inakaguliwa. Kwa pampu napunjwa robo lita. Kwa geji mbovu napunjwa uhai. Mbona hiki cha pili tumekiacha kijipime chenyewe?

Wakati tunasubiri jibu, kuna namba ambazo kila mwenye gari anaweza kuzipata nyumbani kwake. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango au ukingo wake. Kuna kibandiko chenye kiasi cha upepo cha gari lako, mbele na nyuma. Kwenye magari yetu mengi kimeandikwa Kijapani, ndiyo maana wengi tunakiona kama pambo, lakini tarakimu zinasomeka. Ukikuta 230, hizo ni kilopaskali. Gawanya kwa 7 upate karibu 33, ambayo ndiyo namba ya geji za mtaani. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukipima mchana ukaona imepanda usipunguze, itakuja kuwa pungufu likipoa.

Na tafadhali, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, mara nyingi 44 au 51, ni kikomo cha tairi lenyewe. Nimewaona mafundi wakiisoma hiyo na kujaza hadi hapo kwa nia njema kabisa. Gari linarukaruka, tairi linalika katikati, na kwenye lami iliyolowa linashika vibaya.

Lile lililopasuka nililiangalia baadaye kwa tochi. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kulikuwa na tarakimu nne: 0914. Maana yake limetengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2014. Mimi nililinunua dukani mwaka 2022, linang'aa, kama jipya. Kweli lilikuwa halijatembea, ila mpira huzeeka hata ukiwa stoo, tena kwa joto letu hili. Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 6, na wa matairi huweka 10 kuwa mwisho wa yote, hata kama kashata, yaani yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara, bado zimesimama. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimamishe uzalishaji, matairi yetu mengi huja kwa meli na kupita mikono mingi kabla ya kufika Kariakoo, kwa hiyo muuzaji anapaswa kukuonyesha tarakimu hizo kabla hujatoa hela. Akikwepa, ondoka. Kashata nazo usizipime kwa macho: ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, na zikishalika hadi usawa wa vinundu, zimebaki milimita 1.6. Hilo si tairi la kuingia nalo masika.

Mambo mengine ya gari, oili, maji ya rejeta, pedi za breki, wengi tunajitahidi kwa sababu fundi hutukumbusha au taa huwaka kwenye dashibodi. Magari yetu mengi hayana taa ya upepo.

Naomba vituo vya mafuta viweke geji nzima kama vinavyoweka kizimamoto. Naomba askari wa usalama barabarani, katika ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama, wapime upepo na kusoma umri wa tairi kabla ya kubandika stika. Na naomba Wakala wa Vipimo utangaze mahali na siku ambapo fundi pancha wa kawaida anaweza kupeleka geji yake ikapimwa kwa bei anayoimudu. Nilipomwonyesha fundi wangu 45 yake na 33 yangu kwenye tairi lile lile, alikaa kimya, akaifuta geji kwa shati, akapima tena mara mbili. Kisha akaniuliza ni magari mangapi aliyoyaruhusu wiki ile kwenda mikoani.

Msomaji wako,
Mama wa watoto watatu,
Tabata, Dar es Salaam