Mneanderthali hakuwa na kibiongo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu chimbuko la binadamu niliisoma vizuri hadi nilipofika kwenye mchoro. Viumbe watano wamepangwa foleni. Wa kwanza anatambaa, wa tano amesimama wima kama askari wa gwaride, na wa nne, mwenye kibiongo, magoti yaliyokunjika na mdomo wazi, ameandikiwa "Neanderthali", yaani binadamu wa kale waliowahi kuishi Ulaya na Asia ya magharibi. Hapo nina ugomvi nanyi.

Kibiongo hicho kina kisa chake. Mwaka 1908 mifupa ya mwanamume wa makamo ilifukuliwa katika pango la La Chapelle-aux-Saints, Ufaransa. Mtaalamu Marcellin Boule aliichambua, akatuletea kiumbe aliyeinama, mwenye mwendo wa sokwe, na picha hiyo ikaenea kote. Mwaka 1957 wataalamu wengine wawili, Straus na Cave, waliikagua upya mifupa ileile wakakuta baridi yabisi imeutafuna uti wa mgongo. Kumbe masikini wa Mungu alikuwa mgonjwa! Hata meno mengi yalikwishang'oka na taya kujiziba, kwa hiyo aliishi kibogoyo muda mrefu kabla ya kufa. Leo mtu akifukua kaburi la mgonjwa mmoja, atangaze kwamba sisi sote tulitembea tumejikunja?

Foleni yenyewe pia imekosewa. Waneanderthali hawakugeuka kuwa sisi. Walipokuwa wakiwinda Ulaya na Asia ya magharibi, ukoo wetu ulikuwa tayari upo Afrika. Mabaki ya watu wa ukoo wetu yaliyopatikana Jebel Irhoud, Morocco, yana umri wa miaka ipatayo 300,000. Waneanderthali ni binamu zetu, tuliochangia nao mababu wa zamani zaidi, na ubongo wao haukuwa mdogo kuliko wetu.

Tena udugu wenyewe haukuishia hapo, maana tulipokutana tulizaa nao. Mtaalamu wa vinasaba vya kale Svante Pääbo na wenzake walilithibitisha hilo mwaka 2010 kwa kusoma vinasaba vilivyotolewa kwenye mifupa, na mwaka 2022 akapewa tuzo ya Nobel. Watu wenye asili ya nje ya Afrika wana takribani asilimia 2 ya urithi huo. Waafrika nao wanao, ingawa kidogo sana, kwa kuwa baadhi ya waliohama vizazi vyao vilirudi. Sasa huyo mnayemcheka kwenye mchoro, wengi wetu tuna damu yake.

Mkihitaji picha nyingine, yupo yule Mneanderthali wa pango la Shanidar, Iraki. Aliwahi kupigwa vibaya usoni, pengine jicho moja likapofuka, na mkono wa kulia ulinyauka. Hata hivyo majeraha yalipona, akaendelea kuishi miaka mingi. Mchoreni huyo, na pembeni yake mchoreni anayemkatia nyama.

Msomaji wenu wa siku nyingi