Barua kutoka nyanda za malisho za Longido

Longido,
Mwishoni mwa Julai

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini wewe na familia yako hamjambo. Mimi ni mzima, na kazi inaendelea ingawa kiangazi kimekwisha kushika kasi.

Barua yako nimeisoma kwa makini, hasa pale unapouliza kwa nini mtu aendelee kulipwa mshahara ili atembee porini na fremu ya chuma kupima malisho, ilhali setilaiti za Sentinel-2 zinapiga picha ya wilaya nzima kila baada ya siku chache, kwa nukta zenye ukubwa wa mita 10 kwa mita 10. Swali hilo ni la haki, na kwa kuwa wewe ndiye unayezichambua picha hizo, nimeona nikujibu kwa kirefu.

Picha inakuonyesha ukijani, na ukijani si lazima uwe malisho. Katika baadhi ya tambarare zetu kimetapakaa kichaka cha maua ya zambarau ambacho wataalamu hukiita Ipomoea hildebrandtii. Baada ya masika kichaka hicho hustawi vizuri sana, na kwenye ramani yako eneo hilo bila shaka linatokea likiwa na afya njema, lakini ukisimama pale unaona ng'ombe wakipita katikati yake bila kukigusa, wakitafuta majani machache yaliyosalia chini. Hata panapokuwa na nyasi, aina ya nyasi ndiyo yenye uzito. Cenchrus ciliaris na Themeda triandra ni nyasi za kudumu, huchipua kutoka kwenye mashina yaleyale mwaka hadi mwaka. Zikilishwa kupita kiasi bila kupumzishwa hupungua, na nafasi yake huchukuliwa na nyasi za msimu mmoja, kama baadhi ya jamii za Aristida, ambazo mbegu zake zenye mikia mikali zinanasa kwenye soksi na kwenye manyoya ya kondoo. Zote mbili ni kijani mwezi Aprili. Tofauti yake inaonekana sasa, mwezi Julai, nazo zimekwisha kukauka na picha haisemi tena kitu.

Ndiyo maana natembea. Tunanyoosha futikamba ya mita 100, daima kuanzia alama ileile na kuelekea upande uleule, kisha kwenye vituo vilivyopangwa tunaweka chini fremu ya nusu mita kwa nusu mita. Kila mmea uliomo ndani tunauandika kwa jina, tunakadiria sehemu ya udongo iliyo wazi, halafu tunakata majani kwa mkasi na kuyatia kwenye mfuko wa khaki ili yakakaushwe na kupimwa. Gramu zinazopatikana, ukizizidisha kwa 40, zinakupa kilo kwa hekta. Gramu 20, kwa mfano, ni kilo 800 kwa hekta. Nusu yake tunaihesabu kuwa ya ardhi yenyewe, ili mashina yapate nguvu ya kuchipua na udongo usibaki uchi, na kilo 400 zilizobaki zinamtosha ng'ombe mmoja wa kilo 250, anayekula takriban kilo 6 za majani makavu kwa siku, kwa muda unaozidi miezi miwili kidogo tu. Hesabu hiyo mfugaji anaielewa papo hapo, kwa sababu anajua ni miezi mingapi imebaki kabla ya vuli.

Kuna mengine ambayo hata fremu haiyapimi, nami nimeyajifunza kwa wazee. Mzee mmoja ninayeongozana naye mara kwa mara huanza kwa kutazama kinyesi cha ng'ombe kabla hajatazama majani: kikiwa laini na kimetandaa, mifugo bado inapata majani mazuri, kikiwa kikavu na kimesimama kwa matabaka magumu, ng'ombe wanatafuna vijiti. Yeye pia ndiye aliyenionyesha mashina ya nyasi yaliyosimama juu ya vijilima vidogo, mizizi ikiwa nje, kwa sababu udongo wa pembeni umekwisha kuchukuliwa na maji. Siku hizi jambo hilo naliandika katika kila kituo, na kwangu ni onyo kubwa kuliko uchache wa majani, maana majani hurudi kwa mvua moja nzuri lakini udongo haurudi.

Linaloniuma ni mahali taarifa hizi zinapoishia. Kwa miaka mingi vipimo vimechukuliwa katika vijiji hivi, vikapelekwa ofisini, na wenye ardhi hawakusomewa hata mstari mmoja. Ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na Wamaasai wana utaratibu wao wa alalili, yaani malisho ya akiba yanayofungwa wakati wa mvua ili ndama na mifugo dhaifu wapate pa kukimbilia kiangazi. Uamuzi mgumu kuliko yote ni siku ya kufungua. Aliyeuona ukame wa 2009, uliomaliza mifugo huku Longido na Monduli na Ngorongoro, anajua gharama ya kufungua mapema. Ninataka kamati ya malisho ikae kuamua ikiwa na vipimo vyake mkononi, ikivijadili pamoja na maneno ya wazee.

Kwa hiyo nina ombi. Nitakutumia vipimo vya GPS vya kila kituo, pamoja na orodha ya mimea na uzito wa majani. Tafadhali uviweke juu ya picha zako za Aprili hadi Julai, uone ni wapi ukijani wako na kilo zangu vinapishana, kisha unitumie ramani hiyo ikiwa imechapishwa kwenye karatasi kubwa, na majina ya korongo na vilima yakiwa kwa Kiswahili au Kimaasai. Mkutano wa kijiji ni mwezi ujao, na alalili bado imefungwa.

Wasalimie sana nyumbani.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.